Walivyomtoa Kaka Yangu Chamani

Kaka yangu alifukuzwa chamani wakati wa kuvuna pamba, na kesho yake mimi nikanyimwa moto. Nikiwasimulia watu wa mjini hucheka, wakidhani nimechanganya habari mbili. Sikuchanganya mimi. Iliyochanganya ni kamati ya tawi letu, tena kwa nia njema kabisa, kwa kuwa haikujua namna nyingine ya kumtoa mtu katika kundi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, na kijiji chetu kilikuwa upande wa Bugarama, Bugarama ile ambayo sifa yake ilikuwa pamba, ng'ombe na vumbi. Nilikuwa nimeachika na kurudi nyumbani, na kwa kuwa wazazi walikwisha kufa, nyumbani kulikuwa kwa kaka. Alinipokea bila maswali. Mkewe alinipokea kwa furaha zaidi. Wifi yangu huyo alikuwa mtu wa maneno machache aliyeolewa na mtu wa maneno mengi, akatamani kupata mwenzake wa kunyamaza naye. Kwangu alikosea anwani, lakini tulipatana.

Kaka alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa katika mgodi wa Wazungu huko Geita. Alitoboa mwamba, akapachika baruti, akakimbia. Ndiyo ilikuwa kazi. Alirudi na baiskeli, koti la mvua, na sikio la kushoto lililokufa kwa mishindo. Tangu hapo alizungumza kwa sauti kubwa hata alipoomba chumvi. Mtu anayesema kwa sauti ya namna hiyo watu humdhania ana uhakika na mambo, na nadhani yeye mwenyewe alianza kujidhania hivyo.

Chama, kile cha kudai uhuru, kilipoingia kijijini kwetu kiliingia kupitia mlango wake. Serikali ilikuwa bado haijaruhusu matawi katika sehemu zetu, kwa hiyo watu walikutana uani kwetu, ndani ya ua wa minyaa, na mpita njia akiuliza aliambiwa kuna pombe. Pombe ilikuwepo kweli, sisi si watu wa kusema uongo mtupu. Mimi nilipika. Nilipika sana hata nikasema kama kazi ni hii basi na mimi niandikwe, nikakata kadi yangu kabla ya wanaume wengi ambao baadaye walijiita waasisi.

Mwenyekiti alikuwa mkulima wa pamba, jirani yetu wa upande wa kisimani, mtu mzima kuliko kaka na mpole kuliko sisi sote. Alizoea kupima neno mdomoni kabla ya kulitoa, hata ukamwonea huruma. Yeye na kaka walipendana. Watoto wake walikwisha kuoa na kuolewa mbali, akabaki yeye na mkewe, na mkewe huyo ndiye aliyekuwa mkunga wa vijiji vyote vya karibu.

Mara moja moja alitujia karani wa chama kutoka mjini Shinyanga, kijana aliyepanga chumba mtaa wa Ngokolo, suruali yake imenyooshwa hata baada ya kushuka kwenye lori la pamba. Alitufundisha taratibu. Serikali isitukanwe, jiwe lisirushwe, mkono usiinuliwe. Alisema serikali inangoja kosa moja tu ili itufungie milango, basi kosa hilo tusilitoe. Wazee waliitikia kwa vichwa. Kaka alimsikiliza kwa sikio lake zima na uso wa mtu aliyelishwa uji wa mgonjwa.

Shida yetu kubwa wakati ule ilikuwa josho. Kila mwenye ng'ombe alilazimishwa kuwaogesha katika dawa na kulipia, na ndama wakifa watu walisema dawa ndiyo imewaua. Mimi sikujua kama ni kweli. Nilichojua ni kwamba tarishi wa mtemi alikuwa akija kuwatoa ng'ombe zizini kwa fimbo kana kwamba ni wake.

Siku moja ya gulio, mbele ya watu wengi na matarishi wakiwemo, kaka alipanda juu ya robota la pamba akasema. Alisema chama kinaomba, kinaandika, kinangoja, na ng'ombe wanakwisha. Kisha akasema yeye amepasua miamba ya Geita, na josho si gumu kuliko mwamba. Hakuwa na baruti hata ya kulipua kichuguu. Lakini neno lilikwisha kutoka, na kwa sauti ile lilifika mbali. Vijana walishangilia. Nilimwona mwenyekiti akitazama miguu yake.

Usiku huohuo vijana watatu walijaza josho mawe na miiba. Asubuhi ng'ombe wa kwanza aliyesukumwa ndani akavunjika mguu. Vijana walikamatwa kabla ya jua kupanda sana, wakafungwa. Kaka alihojiwa akaachiwa, maana kusema josho si gumu hakukuwa kosa walilolijua jina lake. Mama wa mmoja wa wale vijana alikuja mpaka kwenye ua wetu, akasimama, akatutazama, akaondoka. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Kaka hakulala vizuri tangu siku hiyo, ingawa ungemuuliza angekwambia ni kunguni.

Barua ya kuomba tawi letu liandikishwe ilikuwa tayari mezani kwa bwana shauri, mkuu wa wilaya. Karani wa Ngokolo alifika mbio. Safari hiyo suruali ilikuwa na mikunjo. Aliwaambia kamati wachague moja, tawi au mtu yule. Wamnyang'anye kadi, watangaze mkutanoni kwamba maneno yale yalikuwa yake peke yake na kwamba yeye si mwenzao tena. Baada ya kusema hayo akapanda lori akarudi Shinyanga.

Walimfukuza uani kwetu, maana ndipo kamati ilipozoea kukaa. Mwenyekiti alisema kwa ufupi. Kaka aliingia ndani, akaitoa kadi, akaiweka juu ya mkeka. Hakubisha. Mimi nilikuwa jikoni na ugali wao ulikuwa karibu kuiva. Waliondoka bila kula, na nilikasirika kwa unga wangu kabla sijakasirika kwa ndugu yangu.

Lakini kamati iliona kazi haijaisha. Kuchukua karatasi, kwa watu wa kwetu, kulikuwa hakujamfukuza mtu mahali popote. Sisi tulikuwa na namna yetu ya kumtoa mtu, ya tangu zamani, na kila mtu aliijua. Mtu aliyewakosea wenzake hutengwa. Hasalimiwi, na akisalimu haitikiwi. Haalikwi kwenye kikundi cha kulima wala hasaidiwi kuvuna, na jirani hampi moto wala hauchukui kwake. Hatengwi yeye tu, hutengwa nyumba nzima, mpaka atoe ng'ombe, achinjwe, watu wale, na mwenyewe akiri mbele yao kwamba alikosa. Basi mwenyekiti, ili bwana shauri asiwe na shaka yoyote, alimwendea nsumba ntale, yule mkuu wa vijana anayeongoza kazi za pamoja. Kulipopambazuka tulisikia pembe ikipigwa na jina la nyumba yetu likitangazwa njia nzima.

Sikuamini. Niliokota kigae nikaenda kwa jirani kuomba kaa la moto kama kila asubuhi. Viberiti vilikuwepo, sikatai, lakini duka lilikuwa mbali, na nani anunue kiberiti wakati jirani ana jiko? Nikamwamkia, "Ng'wangaluka, mayu." Jirani yangu, niliyemsuka nywele wiki ileile, alinitazama kama anatazama njia iliyo nyuma yangu. Nikarudi na kigae kitupu. Nilikuwa mwanachama halali wa chama, kadi ninayo, na nilikuwa nimefukuzwa na chama changu katika jambo ambalo chama hakikuwa nalo kabisa. Nilicheka peke yangu njiani, na nilipofika nyumbani nikalia.

Tuliweza kuishi. Tulilinda gogo moja lisizime mchana wala usiku. Pamba tulichuma wenyewe, nyingine ikaanguka chini ikaliwa na mchwa. Kilichonitisha kilikuwa tumbo la wifi yangu. Alikuwa na mimba kubwa, na kabla ya hiyo alikwisha kuzaa mara mbili, watoto wote wawili wakazikwa bila kulia. Mara ya pili yeye mwenyewe alikaribia kufa, na aliyemrudisha alikuwa mke wa mwenyekiti, kwa mikono yake na kwa matusi yake, maana alikuwa mkunga wa kutukana. Sasa mkono ule ulikuwa upande wa pili wa tangazo.

Nilimwambia kaka atoe ng'ombe. Tulikuwa nao. Nilimwambia ng'ombe atazaliwa mwingine. Akasema akichinja atakuwa amekiri kwamba josho ni halali. Nikamwambia hakuna atakayemuuliza habari za josho, watu watakula nyama na kusahau. Akasema yeye hatasahau. Nilimwambia maneno mabaya siku hiyo, kwamba kiburi chake kimewafunga watoto wa watu na sasa kinataka kumuua mkewe. Alikwenda kukaa zizini, na nilimsikia akisema na ng'ombe kwa ile sauti yake ya kishindo, akidhani ananong'ona. Alikuwa akimwuliza ng'ombe afanye nini.

Wifi yangu alishikwa na uchungu alfajiri moja, kabla kaka hajapata jibu. Kufikia saa tatu nilijua mambo si mazuri. Nilikuwa nimesaidia kuzalisha mara kadhaa na nilijua kichwa kinavyogusika. Nilichogusa hakikuwa kichwa. Nikajifunga kitenge nikaenda kwa mwenyekiti, katikati ya njia, mchana kweupe. Watu waliokuwa wakichuma pamba waliinua migongo kunitazama.

Mkewe alikuwa uani anatwanga. Sikusalimu, kwa nini nisalimu nisiitikiwe? Nilisimama mlangoni pa ua nikasema, "Ametanguliza miguu."

Mchi ulishuka mara moja zaidi. Hakunijibu. Aliusimamisha mchi ndani ya kinu, akanawa mikono mpaka viwikoni, akaingia ndani akatoka na kitambaa chake cha kazi. Alinipita bila kunitazama akatangulia njia ya kwetu, na mimi nikafuata. Watu mashambani walituona wote wawili, na sikumsikia hata mmoja akikohoa.

Alipovuka kizingiti chetu alinisalimu, akaanza kututukana.

Alikaa mchana ule wote na usiku ule. Usiku wenyewe siusimulii. Asubuhi ilipofika mtoto alikuwa bado, na wifi yangu alikuwa na rangi ya majivu, lakini alikuwa hai na anasukuma kila alipoambiwa. Nilitoka kuchota maji nikamkuta mwenyekiti amesimama nje ya ua wa minyaa. Kaka alikuwa upande wa ndani, amesimama pia. Kati yao palikuwa na minyaa na hatua chache. Hawakuwa wamesalimiana. Nilimwamkia mwenyekiti shikamoo kwa mazoea, naye akaitikia marahaba kwa mazoea, kisha akashtuka.

Akaniambia nimwambie mkewe atoke. Alisema wajumbe wa kamati wamemjia jioni, na bwana shauri anatarajiwa wiki hiyohiyo, na nyumba ya mwenyekiti ikionekana kwa mtu yule, tawi limekufa. Alisema kama mtu anayesoma kitu alichoandikiwa. Niliingia nikamfikishia mkewe. Mikono yake ilikuwa kazini na hakugeuka.

"Mwambie mwenyekiti," alisema, "akitaka kunifukuza anifukuze kondo likishatoka."

Nilitoka nikamwambia hivyohivyo. Hakuondoka. Wanaume wale wawili walisimama pande mbili za ua ule kwa muda ambao sikuupima, kila mmoja akitazama ardhi ya upande wake, na mimi nikawa naingia na kutoka na maji. Ghafla mkunga alitoa tusi moja refu ambalo sikuwa nimepata kulisikia, na nyuma yake mtoto akalia.

Alilia kwa nguvu. Hata kaka alimsikia.

Nilitoka nje. Mwenyekiti akaniuliza mimi, "Wa kiume au wa kike?"

"Wa kike. Na mama yake mzima."

Akasema, "Mwambie ndugu yako hongera." Kaka alikuwa mbele yake, ungeweza kunyoosha mkono ukamshika shati. Kisha akaongeza, kwa taabu, "Na umwambie kadi hairudi."

Kaka naye akanigeukia. "Mwambie sikuiomba."

Nilikuwa nimekesha, damu imenikaukia mikononi, na uvumilivu wangu ulikuwa umekwisha. Niliwaambia wote wawili wana masikio, na hata yule mwenye moja linamtosha. Nikawageuzia mgongo nikakaa kwenye kizingiti, wapate kunyamaza bila msaada wangu.

Aliyeanza ni kaka. Kwa mara ya kwanza maishani nilimsikia akisema polepole.

"Kadi ilikuwa ya chama, mkaichukua. Sikubisha. Wale vijana wamefungwa kwa mdomo wangu, na mngeniacha chamani nisingewaelewa. Lakini moto haukuwa wa chama."

Mwenyekiti alipima neno mdomoni, akalipima, na lilipotoka lilikuwa dogo. "Hatukujua namna nyingine."

Niligeuka kuwatazama. Ndipo nikaona kwamba mwenyekiti alikuwa ameshika kigae mkono wa nyuma, amekificha mgongoni nusunusu kama mtoto aliyevunja kibuyu. Kaka alikiona pia, akamuuliza cha nini. Mwenyekiti akasema kwamba mkewe hajalala nyumbani, jiko limezimika, na tangu alfajiri amepita nyumba tatu kuomba kaa. Mkewe aliingia nyumba iliyotengwa, kwa hiyo naye sasa alikuwa ametengwa, kwa tangazo lake mwenyewe.

"Hawakukupa?"

"Hawakuitikia hata salamu."

Kaka alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyetua mzigo, na mwenyekiti akatazama pembeni, mabega yakimtikisika. Mimi sikucheka. Nilikumbuka asubuhi yangu ya kigae kitupu, na nikafurahi kwamba na yeye ameionja. Kaka aliingia jikoni mwenyewe, akatoa kaa kubwa jekundu kwa kijiti, akalipitisha juu ya minyaa. Lilibingirika kigaeni likataka kuanguka, na mwenyekiti akalizuia kwa kidole gumba. Akalipeleka nyumbani kwake kwa njia kuu, mbele ya watu wote, akitembea taratibu lisizimike.

Hakuna aliyepiga pembe kututoa kifungoni. Siku mbili baadaye jirani yangu aliniitikia, wiki ikaisha wote wakaniitikia. Karani wa Ngokolo alipofika na kusikia kwamba chama kimewanyima wanawake moto, alishika kichwa. Aliwaagiza kamati waseme kwamba jambo hilo lilifanywa na watu wachache wenye jazba, ambao hawakutumwa na chama. Wakasema hivyo, mwenyekiti akiwa wa kwanza. Ng'ombe wetu hakuchinjwa.

Bwana shauri alikuja wiki ileile aliyotarajiwa, na gari lake, wakamwekea meza kwenye baraza la ghala la pamba. Wanachama tuliitwa tukae mbele. Kaka ndiye aliyeniambia niende. Alikuwa amempakata mtoto, akasema nivae kitenge kizuri na nisigombane na mtu.

Bwana shauri aliuliza mengi kupitia mkalimani wake, na mwenyekiti akajibu yote vizuri. Mwisho akauliza habari za yule mtu wa baruti, kama bado yumo kati yao.

Mwenyekiti alisimama wima. "Hatuna mtu kama huyo," akasema. "Hatumjui."

Nilikuwa nimekaa karibu. Mikono yake alikuwa ameilaza juu ya meza, mbele ya karatasi, na kwenye kidole gumba lengelenge la kaa letu lilikuwa bado bichi. Bwana shauri akatia sahihi. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, nikapiga kwa nguvu maana nilikuwa nimelitaka tawi lile kuliko wengi wao, huku machozi yananitoka na sijui nimkasirikie nani.